Ukocha wa softiboli vyuoni Marekani: mwongozo kamili, kuanzia barua ya maombi hadi kukabidhiwa timu

Barua nyingi za kuomba ukocha wa softiboli katika vyuo vya Marekani husema jambo moja: mwombaji anaupenda mchezo na anapenda kulea vijana. Kocha mkuu anayezisoma ana lundo la barua za namna hiyo mezani. Shida yake ni nyingine kabisa. Mrushaji wake wa kwanza anaumwa bega. Mdakaji wake hazuii mipira inayogonga chini. Hana mtu wa kuchambua video za wapinzani Jumatano usiku, wala wa kumtuma Colorado mwishoni mwa Juni kutazama wachezaji wasichana wa miaka 16 wa kusajili. Anayeajiriwa ni yule anayeonekana ataondoa mojawapo ya shida hizo ndani ya wiki ya kwanza. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inalenga jambo moja: kuwa na ujuzi ambao kocha mkuu anauhitaji, na kuweza kumwonyesha kwamba unao.

Mchezo wenyewe kwa kifupi

Aliyecheza raunda shuleni ataitambua softiboli mara moja: yupo anayerusha, yupo anayepiga, yupo mdakaji anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, na kuna besi za kukimbilia. Vyuoni ni mchezo wa wanawake, wa iningi 7 (katika kila iningi kila timu hupata zamu moja ya kupiga), na timu ikiongoza kwa pointi 8 baada ya iningi 5 mechi huishia hapo. Besi zimeachana mita 18.29. Kibao cha mrushaji kiko mita 13.11 kutoka ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji, ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 2.44. Mpira una mzingo wa sentimita 30.5 na hurushwa kwa mkono unaozunguka kama tanga la kinu cha upepo, ukiachiwa chini karibu na nyonga.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyoupa mchezo ukali wake. Mrushaji hupiga hatua ndefu mbele kabla ya kuachia, kwa hiyo mpira husafiri kama mita 11.3 tu. Ukienda kilomita 113 kwa saa, humfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.36. Mwaka 2025 Karlyn Pickens wa Tennessee alirusha mpira wa maili 79.4 kwa saa, yaani karibu kilomita 128. Ndiyo maana kocha anayejua urushaji hakai bila kazi.

Ajira iko wapi

Michezo ya vyuo husimamiwa na vyombo vitatu vikubwa. NCAA ina divisheni tatu (ya I ndiyo ya juu), NAIA ina vyuo vidogo vingi, na NJCAA ni ya vyuo vya miaka miwili. Divisheni ya I peke yake ina timu karibu 300, lakini yenye timu nyingi zaidi ni Divisheni ya III. Chanzo cha wingi huu ni sheria ya mwaka 1972 inayojulikana kama Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Ubingwa wa kwanza wa softiboli chini ya NCAA ulichezwa 1982, UCLA wakaubeba.

Divisheni ya I ina kocha mkuu na wasaidizi kadhaa wa kulipwa. Zamani watu wengi waliingia kwa mlango wa kocha wa kujitolea, lakini nafasi hiyo ilifutwa katika divisheni hiyo mwaka 2023. Divisheni ya II na NAIA mara nyingi zina kocha mkuu, msaidizi mmoja wa kudumu, na msaidizi mmoja anayesomea shahada ya uzamili. Divisheni ya III kocha mkuu anaweza kuwa na kazi ya pili chuoni, mathalani kusimamia jengo la michezo. Katika vyuo vya miaka miwili nusu ya timu huondoka kila mwaka, kwa hiyo kocha husajili bila kupumzika.

Usidharau vyuo vya miaka miwili. Patty Gasso alifundisha Long Beach City College kabla ya kwenda Oklahoma, ambako alitwaa ubingwa wa taifa mara 8 kufikia 2024. Mike Candrea naye alitokea Central Arizona College kabla ya kuipa Arizona mataji 8. Pale kocha hufanya kila kitu mwenyewe, na hivyo hujifunza kila kitu.

Elimu na vyeti

Shahada ya kwanza haikwepeki. Kwa nafasi nyingi za kocha mkuu, ya uzamili humpa mtu upendeleo. Sayansi ya michezo, elimu ya viungo na uongozi wa michezo zinafaa, ila hakuna anayekataliwa kwa kuwa alisoma hisabati. Njia ya bei nafuu ni kuwa msaidizi anayesomea uzamili: chuo hulipa karo yote au sehemu yake, hukupa posho ndogo, nawe hufundisha timu kwa miaka miwili. Kabla ya kukubali, uliza mambo manne kwa maandishi: karo inalipwa kwa asilimia ngapi, posho ni kwa miezi 9 au 12, kuna bima ya afya, na makazi ni juu ya nani. Posho ya miezi 9 huwaumiza wengi, kwa sababu Juni hadi Agosti kodi ya nyumba haisimami.

Andaa pia cheti cha huduma ya kwanza na kufufua moyo, mafunzo ya SafeSport ya kuwalinda vijana, na uwe tayari kuchunguzwa rekodi ya uhalifu. Jiunge na NFCA, chama cha makocha wa softiboli. Kina ubao wa matangazo ya ajira, kozi za ukocha, na mkutano mkuu kila Desemba ambako makocha wakuu hukaa na wasaidizi watarajiwa uso kwa uso.

Chagua ujuzi mmoja: tunapendekeza urushaji

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi zilipo. Wanaoweza kufundisha kupiga ni wengi. Wanaoweza kumchukua mrushaji wa miaka 18 mwenye aina moja ya mpira na kumtoa na aina tatu ni wachache.

Aina kuu za mipira ni tano: wa kupanda, wa kudondoka, wa kukata nje, wa kukata ndani, na wa polepole. Kinachoutofautisha mmoja na mwingine ni mzunguko. Mpira wa kupanda huzunguka kurudi nyuma. Kwa kweli haupandi, ila huanguka kidogo kuliko jicho la mpigaji linavyotarajia. Wa kudondoka huzunguka kuelekea mbele. Ugonjwa wa kawaida ni mzunguko wa risasi, pale mhimili unapoelekea kwa mpigaji. Mpira wa namna hiyo unaonekana unazunguka sana lakini hewa haiusukumi popote, unafika umenyooka na kupigwa mbali. Hutokea mkono unapopita ubavuni mwa mpira badala ya kupita chini yake, na mara nyingi mrushaji hajui, kwa kuwa kasi yake ni nzuri na kipimo cha kasi kinamsifu.

Tiba yake ni kupunguza umbali. Chora mstari mnene wa wino kuuzunguka mpira. Msimamishe mrushaji mita 4 kutoka kwa mdakaji, arushe kwa kifundo cha mkono tu mara 20 hadi 30, na mstari uonekane mwembamba, usioyumba. Ukiyumba, rudi kwenye namna ya kushika mpira. Kisha nenda mita 8 kwa nusu mzunguko wa mkono. Umbali kamili usiuguse mpaka mipira 8 kati ya 10 izunguke sawa. Makocha wasio na subira hurudi mita 13 siku ya pili, mwili unarudia mazoea yake, na wiki mbili zinapotea.

Mpira wa polepole una kipimo chake: uwe chini ya mpira wa kasi kwa kilomita 16 hadi 24 kwa saa, huku mkono ukizunguka kwa kasi ile ile. Mrushaji akipunguza kasi ya mkono, mpigaji mzuri humsoma kabla mpira haujatoka. Mrekodi kutoka mbele, usawa wa macho ya mpigaji, mwonyeshe mirusho miwili sambamba. Video hushinda maneno yako kumi.

Kuna imani ya zamani kwamba kurusha kwa chini hakuchoshi bega. Si kweli, na imeharibu mabega mengi. NCAA haina kikomo cha mirusho kwa softiboli, kwa hiyo kikomo ni wewe. Weka daftari la kila mrusho, pamoja na wa kupasha mwili na wa mazoezi, kwa maana mechi ya mirusho 100 inaweza kuwa imetanguliwa na 60 ambayo hakuna aliyeihesabu. Dalili za uchovu ni tatu: kasi kushuka kilomita 3 au zaidi, hatua ya mbele kufupika, na mpira wa kudondoka kuanza kubaki juu. Zikionekana mbili kwa pamoja, mwandae mwingine. Yakiwepo maumivu mbele ya bega, asimamishwe siku hiyo na akaonwe na mtaalamu wa tiba wa timu. Kocha hatoi uamuzi wa kitabibu.

Jifunze pia kuita mirusho. Timu nyingi hutumia kadi ya namba iliyofungwa kwenye mkono: kocha anataja tarakimu tatu, mdakaji anasoma aina ya mpira na mahali pake. Kadi hubadilishwa mara kwa mara ili wapinzani wasiivunje. Muhimu zaidi ni kujua kwamba mpigaji akikutana na mrushaji yule yule mara ya tatu, ameshamzoea. Mpangilio ulioufungulia mechi usirudi iningi ya 5.

Ujuzi mwingine unaotafutwa

Udakaji unafuata. Kutoka besi ya nyumbani hadi ya pili ni mita 25.86. Tangu mpira ugonge glavu ya mdakaji hadi ugonge glavu ya anayeusubiri, sekunde 1.8 ni kiwango kizuri cha chuo. Mara nyingi kasoro haiko kwenye nguvu za mkono, iko miguuni na katika kuhamisha mpira kutoka glavu kwenda mkononi, na hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Takwimu nazo zimefungua mlango kwa watu ambao hawakuwahi kuwa nyota uwanjani. Anayeweza kusoma namba za Rapsodo, kifaa cha kupima kasi na mzunguko wa mpira, kukata video kwenye programu ya Synergy, na kumpa kocha ukurasa mmoja tu unaosema wapinzani wanapiga wapi, anahitajika. Ukurasa mmoja. Ripoti ya kurasa 12 haisomwi na mtu aliye ndani ya basi saa 3 usiku.

Hata kanuni ni ujuzi. Softiboli ina mchezaji maalumu wa kupiga anayempigia mwenzake wa uwanjani, na wachezaji walioanza wanaweza kutoka na kurudi mara moja. Wakati wa presha makocha hukosea kujaza na kubadilisha fomu ya orodha ya wachezaji, na adhabu hugeuza mechi. Msaidizi anayezijua kanuni hizo bila kuangalia kitabu hukaa karibu na kocha mkuu.

Kupata nafasi ya kwanza

1. Anza na vijana. Fundisha klabu ya wasichana wa miaka 14 hadi 18 inayosafiri kwenye mashindano. Makocha wa vyuo huja huko, watakuona ukifanya kazi kabla hujawaandikia.

2. Fanya kazi kwenye kambi za vyuo. Malipo ya siku ni kidogo, lakini kocha mkuu anakutazama kwa saa sita mfululizo. Fika dakika 45 kabla, beba ndoo za mipira bila kuambiwa, na jifunze majina ya watoto wa kituo chako ndani ya dakika 10.

3. Tengeneza mkoba wa maombi: barua ya ukurasa mmoja, wasifu wa kurasa mbili, wadhamini watatu waliokubali, video ya dakika 2 hadi 3 ukifundisha, na mpango mmoja wa mazoezi. Video ndiyo inayofunguliwa kwanza. Ionyeshe sauti yako, kosa la mchezaji, ulichomwambia, na matokeo.

4. Jua majira. Msimu ukiisha Mei, makocha wakuu huanza kuhama. Wasaidizi hutafutwa Juni na Julai. Nafasi za uzamili na za Divisheni ya III huendelea hadi Agosti. Tangazo likitoka, tuma siku hiyo hiyo kupitia mfumo wa chuo, kisha mwandikie kocha mkuu sentensi tano: nani wewe, ujuzi wako, ulichokiona kwenye timu yake, video, namba ya simu.

Sentensi ya "ulichokiona" ndiyo kipimo. "Nimevutiwa na timu yako" haina kitu. "Warushaji wako wawili wanategemea mpira wa kudondoka, na wapigaji wa mkono wa kushoto wamewazoea, ningeanza na mpira wa kukata ndani" inapigiwa simu.

Siku ya usaili utakutana na mkurugenzi wa michezo, wachezaji, na pengine utapewa dakika 30 uwanjani. Usilete zoezi la kustaajabisha. Leta dogo unalolimudu, lenye watu wote wanaosogea. Kosa la kawaida ni wachezaji 12 kusimama foleni wakati wewe unahutubia mmoja. Wachezaji huulizwa maoni baadaye, na maoni yao yana uzito.

Kwa asiye raia wa Marekani

Aliyesoma kwa viza ya mwanafunzi, F-1, anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, OPT, ya miezi 12. Maombi hupelekwa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza masomo, na kazi lazima ihusiane na ulichosomea. Hapo ndipo sayansi ya michezo inapomfaa mgeni kuliko mhandisi anayetaka ukocha. Siku za kukaa bila kazi hazipaswi kuzidi 90. Baada ya hapo, vyuo vikuu vingi vinaweza kumwombea mfanyakazi viza ya kazi, H-1B, bila kuingia kwenye bahati nasibu ya kila mwaka. Gharama na masharti hubadilika, na vyuo vidogo vingi havijawahi kufanya hivyo kwa kocha, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini na upewe jibu na ofisi ya rasilimali watu. Ahadi ya mdomo ya kocha mkuu haitoshi, hata akiwa mtu mwema kiasi gani.

Kanuni zinazofukuzisha watu kazi

Kocha wa Divisheni ya I hufanya mtihani wa kanuni za usajili kila mwaka kabla ya kutoka nje ya chuo kusaka wachezaji. Usifaulu tu, zielewe.

Mazungumzo ya usajili na mchezaji hayaruhusiwi kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Akikutumia ujumbe Agosti 20, hujibu. Hata "asante" ni mazungumzo. Msimu ukiwa umeanza, shughuli za timu haziruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki na saa 4 kwa siku, na siku moja ni ya mapumziko. Nje ya msimu ni saa 8 kwa wiki. Siku ya mechi huhesabiwa saa 3 hata mechi ikichukua saa 5, na baada ya mechi hakuna mazoezi siku hiyo.

Wasaidizi wapya hunaswa na mazoezi ya hiari. Mchezaji akienda kupiga mipira mwenyewe ni hiari. Ukisimama pale ukamrekebisha kiwiko, au ukauliza kesho yake nani hakuja, si hiari tena, na saa zinahesabiwa. Ukigundua umekosea, iarifu ofisi ya kanuni ya chuo siku hiyo hiyo. Kosa dogo lililoripotiwa hushughulikiwa na kuisha. Lililofichwa hukua.

Mwaka unavyokwenda

Agosti wachezaji hufika na kupimwa afya. NCAA hutaka hali ya kila mchezaji kuhusu vinasaba vya selimundu ijulikane, na jambo hili linawahusu kwa karibu mabinti wenye asili ya Afrika. Mwenye kinasaba kimoja huwa mzima kabisa siku za kawaida, lakini mbio kali mfululizo, hasa kwenye joto na katika siku za kwanza za mazoezi, zimewahi kuua wanamichezo. Ongeza mzigo taratibu kwa wiki mbili au tatu, usiwapime mbio siku ya kwanza, ruhusu maji wakati wowote. Mchezaji anayesema miguu imelegea au misuli inamkaza ghafla anasimama papo hapo na mtaalamu wa tiba anaitwa. Usimwite mvivu. Neno hilo limegharimu maisha.

Septemba na Oktoba ni mazoezi ya timu na mechi chache za majaribio. Novemba na Desemba ni vikundi vidogo vya ufundi, ndio wakati wa kurekebisha urushaji, kwa sababu kubadilisha namna ya kushika mpira mwezi Machi ni kumvuruga mtu katikati ya safari. Januari mazoezi kamili yanaanza. Februari timu zinakimbilia Florida, Arizona na California kwenye joto, mara nyingi mechi 5 kwa siku 3. Machi na Aprili ni ligi, kwa kawaida mechi 3 kila mwisho wa wiki dhidi ya mpinzani mmoja. Divisheni ya I inaruhusu hadi mechi 56. Mei ni mtoano: timu 64 zinagawanywa kwenye vituo 16, zinabaki 16, kisha 8 zinakutana Oklahoma City hadi mwanzoni mwa Juni.

Wiki ya kawaida ya msimu inaweza kuwa hivi: Jumatatu mapumziko, Jumanne saa 3 uwanjani na saa 1 ya vyuma, Jumatano mechi, saa 3, Alhamisi saa 3 na saa 1 ya video, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mechi, saa 9. Jumla 20 kamili, hakuna pa kubana dakika moja. Kocha anayerefusha mazoezi kwa robo saa kila siku anavunja kanuni bila kujijua.

Katika vyuo vidogo utakuwa pia mtunza uwanja. Mashimo ya kwenye duara la mrushaji na sanduku la mpigaji yajazwe udongo wa mfinyanzi kila baada ya mazoezi: fagia udongo mkavu pembeni, lowanisha shimo, jaza, shindilia, kisha funika. Ukiweka mfinyanzi juu ya vumbi kavu haushiki, hutoka kama ganda la kidonda mrusho wa kwanza.

Kusaka wachezaji

Timu hupatikana kwenye viwanja vya watu wengine mwezi wa Julai. Kabla hujatoka, chora ubao wa mahitaji: kwa kila mwaka wa kuhitimu, nani anaondoka na nafasi gani itabaki wazi. Timu ya wachezaji 25 inaweza kuwa na warushaji 5, wadakaji 3, wa uwanja wa ndani 8, wa nje 6, na 3 wa kuziba mapengo. Anayesajili kwa kuvutiwa hujikuta na wachezaji 9 wa nje na mdakaji mmoja.

Uwanjani, pima. Kutoka kupiga hadi besi ya kwanza: sekunde 2.7 ni mwepesi sana, 3.0 ni wa kawaida. Lakini fika mapema uone anavyopasha mwili, na baki umwone baada ya kukosea. Mtazame akiwa benchi. Mtazame anavyomjibu mama yake akimletea maji. Kifaa cha kupimia muda hakitakwambia nani atavumilia wiki 16 za msimu.

Uliza matokeo ya masomo siku ya kwanza ya mazungumzo. Divisheni ya I inahitaji masomo ya msingi 16 na wastani wa angalau 2.3 kati ya 4, ya II wastani wa 2.2. Makocha hupoteza miezi wakimfuata msichana ambaye chuo hakitampokea.

Fedha nazo zina hesabu. Divisheni ya II inaruhusu kila timu ufadhili kamili 7.2 ambao hugawanywa. Kama gharama ya mwaka ni dola 30,000, mfuko ni dola 216,000. Kwa wachezaji 20 wastani ni dola 10,800 kila mmoja. Mrushaji wa kwanza akichukua zote 30,000, waliobaki 19 wanagawana 186,000. Iweke hesabu hiyo kwenye jedwali kwa miaka minne ijayo, kwa maana ahadi ya leo hulipwa pia kesho kutwa. Divisheni ya III haitoi ufadhili wa michezo kabisa, msaada ni wa masomo au wa uhitaji. Divisheni ya I ilibadilika mwaka 2025: kwa vyuo vilivyokubali utaratibu mpya baada ya kesi ya House kuhusu malipo ya wanamichezo, kikomo cha zamani cha ufadhili 12 kimeondoka na badala yake timu haiwezi kuzidi wachezaji 25. Ukijumlisha na mfumo wa uhamisho wa wachezaji kati ya vyuo ulioanza 2018, nafasi za watoto wanaotoka sekondari zimebana, na mwaminifu huwaambia wazazi hivyo mapema.

Mshahara na mkataba

Tofauti ni kubwa mno. Gasso hulipwa zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka. Msaidizi wa chuo kidogo anaweza kuhitaji kazi ya pili. Soma mkataba ukitafuta haya: muda wake, kwa kawaida mwaka mmoja unaoisha Juni 30, taarifa ya kuachishwa, nani anapata mapato ya kambi, gharama za kuhama, na malipo ukihama kabla ya muda. Jua pia kwamba kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake mara nyingi huondoka naye hata kama walifanya vizuri. Akiba ya matumizi ya miezi mitatu si anasa katika kazi hii.

Kukabidhiwa timu

Wengi hukaa kwenye usaidizi miaka mingi, na wengine hubaki hapo kwa hiari yao. Anayetaka kuwa mkuu aombe kazi ambazo wasaidizi huzikwepa: bajeti na ratiba.

Bajeti ya safari moja ya siku 3 kwa watu 28 inaweza kuandikwa hivi: vyumba 16 kwa usiku 2 kwa dola 130 ni dola 4,160, chakula dola 45 kwa mtu kwa siku ni dola 3,780. Basi bado. Mara sita kwa msimu, utaelewa kwa nini mkurugenzi wa michezo anakunja uso.

Ratiba nayo ina hila yake. Kamati ya uteuzi ya NCAA huangalia faharasa ya RPI, ambayo msingi wake ni robo ushindi wako, nusu ushindi wa wapinzani wako, na robo ushindi wa wapinzani wa wapinzani. Kwa hiyo kuifunga timu dhaifu kunaweza kukushusha. Tafuta wapinzani wanaoshinda sana lakini unaowaweza. Carol Hutchins aliifundisha Michigan, jimbo la theluji, na ilibidi timu yake icheze wiki nyingi za mwanzo ugenini. Alistaafu 2022 akiwa na ushindi 1,707 na ubingwa wa taifa wa 2005.

Siku ukipewa funguo, mpigie simu kila mchezaji ndani ya saa 48, mmoja mmoja, kabla ya kupanga ofisi. Kocha mkuu anapoondoka wachezaji hupata nafasi ya kuingia kwenye mfumo wa uhamisho, na timu nyingine zinangojea. Anza na mdakaji na warushaji. Usiahidi nafasi ya kucheza. Uliza mambo matatu: nini kibaki, nini kibadilike, na bega linaendeleaje. Andika majibu, kisha mpigie mtaalamu wa tiba wa timu ulinganishe la tatu.